Saa Zilizotangulizwa

Mzee Kufuli alipokutwa amelala chali kwenye ghala la vielelezo, kisogo kimepasuka na nondo yenye damu pembeni yake, kituo kizima kilisahau kwamba ni kituo cha polisi. Watu wazima wenye vyeo mabegani waligongana kwenye ngazi kama kuku walioona mwewe. Mmoja alipiga kelele, "Polisi! Iteni polisi!" mpaka karani akamwambia ajitazame alichovaa. Usiwacheke. Maiti za watu wengine walishaziona hadi wakazoea kunywa chai kando yake. Hii ilikuwa ya kwao.

Jalada la kifo alipewa Mama Mapacha, asubuhi ya siku ya pili. Kwenye karatasi yeye ni Inspekta wa upelelezi, mwenye nyota mbili na ofisi yake makao makuu ya mkoa. Lakini kituo hiki ndicho kilichomlea, na hapa hakuna aliyewahi kumwita Inspekta hata siku moja. Alikuja akiwa konstebo mbichi, akazaa mapacha, jina likamganda. Jalada lile aliliomba mwenyewe. Macho yake yalikuwa makavu, na ukavu huo ulimtisha, maana Mzee Kufuli alikuwa baba yake kwa kila kitu isipokuwa damu.

"Hili ni la kufunga tu," Mkuu wa kituo alimwambia, akimsukumia jalada mezani. "Kila kitu kimo. Muuaji tunaye, tena yuko mahabusu yetu wenyewe. Wewe panga karatasi, kesho saa tatu asubuhi anapanda kizimbani. Kosa ni mauaji."

Muuaji waliyekuwa naye alikuwa dereva wa gari la kituo. Walimwita Gia, kwa jinsi alivyozikwaruza. Kijana mpole kupita kiasi, akigonga kuku njiani anashuka kumpa pole. Ila siku ile asubuhi upole ulimtoka. Mzee Kufuli, Sajini wa ghala ambaye alitunza pia kitabu cha safari za gari, alikuwa amemwandikia ripoti kwa kubeba kitanda cha mama mkwe wake juu ya gari la polisi, futi sita kwa sita, king'ora kikilia ili apishwe njia. Gia alisimama uani mbele ya watu akafoka, "Nitakukomesha, mzee wewe! Utanitambua!" Kituo kizima kilisikia.

Saa saba mchana Gia akaondoka na washtakiwa kwenda mahakamani. Akarudi saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na robo karani alimwona amesimama mbele ya mlango wa ghala, ghorofani, na alisimama hapo dakika kumi nzima. Saa tisa na dakika arobaini karani huyo huyo alipeleka barua, akausukuma ule mlango, akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

Na kitabu cha matukio, kile kitabu kikubwa cha kaunta ambacho kila saa lazima kiandikwe nini kimetokea, kilisema hivi kwa mwandiko safi wa Koplo wa zamu: Saa 9:00 alasiri. Ukaguzi wa vyumba vyote umefanyika. Sajini yupo ghalani, mzima. Hali ni shwari.

Hesabu ya Mkuu ilikuwa nyepesi. Saa tisa mzee yu hai, saa tisa na dakika arobaini ni maiti, na katikati yupo mtu mmoja tu.

Mama Mapacha alishuka mahabusu. Gia alikuwa ameketi sakafuni, hana mkanda, hana kamba za viatu, macho yamevimba.

"Mdogo wangu, zile dakika kumi mlangoni ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nagonga, dada."

"Dakika kumi unagonga tu? Mlango haukufungwa kwa ufunguo, mbona hukuusukuma?"

"Wewe umekulia hapa. Ule mlango unasukumwaga? Asiposema 'ingia', unaingia?"

Kweli. Mlango ule hata Mkuu mwenyewe alikuwa akikohoa kwanza. Ni karani peke yake aliyeusukuma, na karani hajawahi kumwogopa mtu tangu azaliwe.

"Sawa. Uligonga. Na nini kingine?"

Gia aliinamisha kichwa. Hakusema tena neno, hata alipobembelezwa, hata alipofokewa. Mtu anayetazamana na kitanzi halafu ananyamaza! Mama Mapacha alitoka mle akiwa na hamu ya kumzaba kibao, na hamu ya kumkumbatia pia.

Alipanda ghalani. Chumba kilikuwa kile kile: rafu za chuma hadi darini, mapanga, marungu, redio za wizi, baiskeli isiyo na mwenyewe, kila kitu na kibandiko chake na namba ya kesi. Humo ndani hakuna kitu kisichoweza kuua mtu. Chini ya meza vilikuwapo viatu vya Mzee Kufuli, vyeusi, vinang'aa, vimepangwa sambamba. Wapelelezi waliotangulia waliandika kwamba marehemu alikuwa anapumzisha miguu.

"Anapumzisha miguu," Mama Mapacha alisema peke yake. "Nyie watoto nyie."

Maana yeye alijua. Mzee yule hakuwahi kuvua viatu kupumzika. Alivivua ili apande rafu. Miaka kumi na mitano Mama Mapacha alimgombeza ashuke, na mzee akiwa huko juu na soksi zake zenye matobo humjibu, "Rafu ni za serikali, viatu ni vya serikali. Shingo tu ndiyo yangu, niache nayo." Mama Mapacha alivuta kiti, akapanda, akatazama. Kwenye vumbi la rafu ya tatu kulikuwa na alama ya vidole vya mguu. Kwenye rafu ya juu kabisa, katikati ya vumbi, palikuwa na mstari safi urefu wa ile nondo. Na kibandiko cha nondo kilisema kesi yake itasikilizwa wiki hii. Mzee alipanda kuishusha, ikamzidi uzito, akaanguka nayo.

Alimpelekea Mkuu habari hiyo mbio mbio, karibu anacheka. Mkuu alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Alipanda, sawa. Basi Gia alimkuta juu, akamvuta mguu. Saa tisa alikuwa mzima, Mama Mapacha. Kitabu kimesema."

Hapo ndipo shaka juu ya kitabu ilipomwingia, na bado hakutaka kukifungua. Alikwenda kwanza hospitali, kwa daktari aliyempasua marehemu. Daktari alikuwa ananawa mikono.

"Kwa jinsi damu nilivyoikuta," daktari alisema, "mimi ningesema alianguka kama saa nane hivi. Lakini nimeambiwa kitabu chenu kilimwona hai saa tisa. Mimi ni nani nibishane na kitabu? Nikaandika 'kati ya saa saba na saa tisa na nusu', nikajiondokea."

"Na alikufa pale pale?"

Daktari alifunga bomba. Alimjua mzee, nani hakumjua? "Hapana. Alikaa nusu saa, pengine zaidi. Angefikiwa mapema tungemshona, leo angekuwa kitandani anatutukana wote."

Mama Mapacha alirudi kituoni kwa miguu. Aliomba kitabu cha matukio, akajifungia nacho kwenye kile chumba kidogo nyuma ya kaunta. Akafungua ukurasa wa siku ile.

Saa saba: hali ni shwari. Saa nane: hali ni shwari. Saa tisa: hali ni shwari. Halafu, loo! Saa tisa na dakika tano, fundi cherehani amepotelewa na simu. Saa tisa na dakika nane, mzee wa duka anamlalamikia jirani kwa kumwaga maji machafu. Saa tisa na dakika kumi na mbili, mwalimu ameibiwa pochi. Masaa mawili kituo kimelala usingizi wa pono, halafu ndani ya dakika saba mji mzima umevamiwa na balaa.

Mtu mwingine angepita juu ya mistari ile asione kitu. Yeye aliona, kwa sababu alishaandika mistari kama ile mwenyewe, kwa mkono wake, mara nyingi.

Hii ilikuwa siri ya kaunta, na ilikuwa na jina: kutanguliza saa. Unakaa saa saba, unaandika saa saba, saa nane na saa tisa kwa mpigo mmoja, zote shwari, kisha unakwenda zako. Ukirudi ukakuta watu, huwezi kuwaandika saa nane na nusu, maana saa tisa imeshakaa kwenye karatasi na kurasa zina namba, hazichanwi. Basi unawasukuma mbele. Unawapa saa tisa na dakika tano, na dakika nane, na kadhalika.

Na aliyeanzisha kutanguliza saa, Mungu amrehemu, alikuwa Mzee Kufuli. Mapacha walikuwa na miezi miwili, yaya amekimbia, mume yuko kazi ya mbali. Konstebo mama yao alikuja nao zamu, analia, amekuja kuacha kazi. Mzee aliwachukua wale watoto akawalaza ghalani ndani ya boksi, akawafunga vibandiko mikononi, Kielelezo A na Kielelezo B, "wasije wakachanganyika, ikawa kesi." Kisha akashuka kaunta, akachukua kalamu, akamwandikia masaa yake mawili ya mbele. "Panda ukanyonyeshe," akamwambia. "Saa zako nimezitanguliza. Hizi shwari hazina shida, zipo tu." Miezi sita alifanya hivyo. Wengine wakaona, wakajifunza. Mwenye mgonjwa, mwenye usingizi, mwenye hawara. Mtindo ukaota mizizi.

Mama Mapacha alikifunga kitabu. Bado machozi hayakuja.

Alimpata fundi cherehani dukani kwake, mama mnene mwenye futi ya kitambaa shingoni. Simu alikuwa ameshaipata. Ilikuwa ndani ya suruali ya mteja. Karatasi yake ya kupotelewa alikuwa nayo bado, kwa mwandiko ule ule safi wa Koplo. Saa nane na dakika hamsini. Kwenye karatasi ya mteja, ambayo haina wa kuikagua, Koplo alikuwa ameandika ukweli bila kufikiri.

"Ulifika saa ngapi, dada yangu?"

"Usiniulize, nitakasirika upya! Saa nane kasoro nilikuwa kwenye benchi lenu. Kaunta hakuna hata nzi. Saa nzima! Tukapiga soga na huyo mwalimu hadi tukajuana na shangazi zetu."

"Na hamkusikia chochote?"

Fundi alishika futi yake kwa mikono miwili.

"Kitu kilianguka huko juu, puu! Kisha, baadaye, ikawa kama mtu anagonga sakafu. Anagonga, ananyamaza, anagonga. Tukatazamana. Mwalimu akasema, 'Wanampiga mtu.' Nikasema, 'Nyamaza, tusije tukaongezwa.'" Alimtazama Mama Mapacha usoni, na sauti ikamshuka. "Samahani, afande. Lakini kweli, nani atapanda ngazi za polisi kwenda kuuliza nani anapigwa?"

Alimshukuru, akaichukua ile karatasi, akatoka. Alipofika nyuma ya duka, penye mapipa, aliegemea ukuta na machozi yakaja yote kwa pamoja, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mzee wake aligonga sakafu ya kituo chake mwenyewe, watu walikuwa chini yake, wakadhani ni kazi kama kawaida.

Koplo, Mama Mapacha alimkuta nyumbani kwake, siku ya mapumziko. Kijana mwingine tu, kanzu ya kulalia imevaliwa kinyume, mikononi ana kitoto cha siku moja. Hakuulizwa swali. Alipomwona mgeni wake ni nani, alikaa pale pale mlangoni na mtoto wake.

"Mke wangu alishikwa na uchungu saa saba," alisema. "Nikasema niende mara moja nirudi. Mtoto akachelewa. Nilivyorudi nikakuta watu wamejaa benchi. Mzee sikwenda kumwangalia, nilidhani yupo, si yupo siku zote? Halafu akakutwa, na kitabu kimeshasema saa tisa alikuwa mzima. Ningesemaje, dada? Ningesemaje?"

"Ungesema, mdogo wangu. Gia ananyongwa kwa mwandiko wako."

"Mimi ndiye niliyemuua Mzee."

"Nyamaza, utamwamsha mtoto." Alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumkasirikia na hasira ikakataa kuja, kwa sababu aliyeketi pale alikuwa yeye mwenyewe miaka kumi na mitano iliyopita, ila mtoto ni mmoja. "Wa kike?"

"Wa kike."

"Kesho saa mbili asubuhi uwe ofisini kwa Kamanda wa mkoa. Usiponionyesha sura nitakuja kukuvuta masikio."

Kutoka hapo, mtu angedhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza ilianza. Kusema kwamba Koplo alitanguliza saa siku moja hakutoshi. Mwendesha mashtaka atauliza, huyu koplo analipwa na nani kumwokoa rafiki yake? Anayeweza kuapa kwamba kitabu kile kimedanganya miaka na miaka, na kuonyesha mistari yake, ni yule aliyefanya, na aliyefanya ni yeye. Akisema, unga wake umemwagika, kazi kwaheri. Hilo alishalimeza. Lakini vitabu vya zamani vikifunguliwa, mwandiko wa kwanza utakaokutwa ni wa Mzee Kufuli. Watamzika kama mdanganyifu, bila gwaride, bila bendera. Asiposema, Gia anakwenda na maji.

Jioni ilimkuta kwa mjane. Bibi wa Mzee Kufuli alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono na wa maneno. Aliwafukuza majirani waliojaa sebuleni kwa kisingizio cha kufagia, akamketisha mgeni jikoni, akamwekea chai.

"Alikufa mara moja?" aliuliza.

Mama Mapacha alikuwa ameandaa uongo njiani, mzuri kabisa. Ukamgoma mdomoni.

"Hapana, Mama. Aligonga sakafu, nusu saa hivi. Mtu angepita kukagua saa nane angepona. Hakupita mtu, kwa sababu saa nane ilikuwa imeshaandikwa. Na mchezo huo, Mama, ulianzishwa kwa ajili yangu. Aliuanzisha yeye, ili nikanyonyeshe."

Bibi aliweka kikombe chini. Aliondoka akaenda chumbani, akafunga mlango. Alikaa huko muda mrefu hata chai ikapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na kitambaa cha kichwa amekifunga upya.

"Nina hasira na wewe," alisema. "Nina hasira na huyo koplo wako. Na mwenye hasira zangu zote ni yeye, mzee mzima, anapanda rafu kama nyani! Nilimwambia. Nilimwambia kila asubuhi." Alijifuta pua. "Huyo dereva yuko wapi sasa hivi?"

"Mahabusu."

"Na wewe uko hapa unakunywa chai yangu?"

"Nikisema, Mama, jina la Mzee litachafuka."

"Jina la mume wangu ninalo mimi. Nimeishi nalo miaka arobaini, madoa yake nayajua lilipo hili na lilipo lile, hakuna kamanda wa kuja kunionyesha. Alikupa zile saa kwa sababu alikupenda. Alikosea, na alikupenda. Nenda kaseme yote mawili. Usiseme moja ukaficha moja, hapo ndipo utakuwa umemchafua."

Saa mbili asubuhi walikuwa wanne ofisini kwa Kamanda: Kamanda mwenyewe, Mkuu wa kituo, Koplo, na Mama Mapacha na sare yake iliyopigwa pasi kama ya kwenda harusini. Aliweka mezani kitabu, karatasi ya fundi cherehani, na maelezo ya daktari. Alieleza taratibu, bila kuongeza chumvi. Gia alikuwa barabarani na washtakiwa tangu saa saba hadi saa tisa na dakika kumi, hakimu ni shahidi. Mzee alianguka kama saa nane hivi. Alikuwa maiti kabla Gia hajazima injini.

"Umeijuaje hii mistari?" Kamanda aliuliza.

"Na mimi nimeiandika, afande. Miezi sita niliandikiwa na Sajini marehemu, nikiwa na watoto wachanga wawili. Baadaye nikajiandikia mwenyewe. Alinifanyia kwa mapenzi, nami nikapokea, na hatukujua kama tunamchimbia yeye kaburi. Vitabu vipo. Fungueni wakati wowote, vyote, hadi vya miaka kumi na mitano nyuma, ofisi yenu ikitaka."

Mkuu wa kituo alikuwa ghafla na kazi kubwa ya kutazama ncha za viatu vyake. Kamanda alikipekua kitabu, kurasa mbili tatu, akakifunga. Alikuwa amewahi kukaa kaunta, kama kila mtu aliyepanda cheo. Hakutaka kupekua zaidi.

"Dereva aachiliwe," alisema mwishowe. "Nyinyi wawili mmesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Vueni nyota na mikanda." Kisha, akitazama dirishani: "Sajini atazikwa na gwaride lake. Alifia kazini. Hilo hakuna wa kunibishia."

Mama Mapacha alizivua nyota zake mbili, akaziweka juu ya kitabu. Alijiona mwepesi, na mpweke sana.

Gia alitoka mahabusu saa tatu kamili, saa ile ile ambayo angekuwa anapanda kizimbani. Wenzake walimzunguka, wakampiga mabega, wakamtania kuhusu kitanda cha mama mkwe. Alicheka nao kidogo. Kisha alimfuata Mama Mapacha getini.

"Dada, wanasema nimeponea kwa sababu ya saa. Alikufa saa ngapi, hasa?"

"Saa nane na nusu. Ikizidi sana, tisa kasoro."

Gia alisimama. Furaha yote ilimwondoka usoni, kama vile amehukumiwa sasa hivi.

"Basi hakunisikia," alisema.

"Hakusikia nini?"

"Zile dakika kumi. Nilikuwa naongea naye mlangoni. Nilimwomba radhi. Nilimwambia nilivyomfokea asubuhi si mimi, ni hasira, kwamba yeye ndiye aliyenitoa mitaani akanifundisha usukani, kwamba baba yangu sijamjua na kama angekuwapo ningetaka awe na maneno kama ya kwake. Nililia pale, dada. Hakujibu, nikajua amenuna, nikasema kesho atakuwa amepoa." Alitazama ghorofani, kwenye ghala. "Kule mahabusu nilikuwa najipa moyo kwamba hata kama alikufa, alikuwa ameshanisikia. Ndiyo maana sikusema. Ilikuwa yangu na yake."

Mama Mapacha alikuwa amemwokoa kijana huyu kwa saa ile ile, na saa ile ile imemnyang'anya kitu alichokuwa nacho. Akamshika mkono, mbele ya kituo kizima, kama anavyowashika mapacha wake kuvuka barabara.

"Twende," alisema.

Walitembea hadi kwa mjane. Mlango wa nyumba ya msiba ulikuwa umerudishwa, na Gia alisimama mbele yake. Aliinua mkono agonge, akaushusha. Bibi aliwaona dirishani, akafungua mwenyewe. Alimtazama yule dereva, suruali haina mkanda, ndevu za siku mbili, akamwelewa kabla hajasema.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Nimesimama hapa."

Gia akasema. Alianza vibaya, akarudia, akachanganya kitanda na usukani, akalia, akamaliza. Ilichukua kama dakika kumi. Bibi hakumkatiza hata mara moja.

"Nimekusikia," alisema alipokwisha. "Ingia ndani, ukae na wenzio."